Kontrola ya Guta la Mama

Kaka yangu mkubwa anaamini kwamba mlima ni ugonjwa na dawa yake ni Tanga mjini. Alizaliwa huku huku Lushoto kama mimi, akapandisha ndoo za maji kama mimi, lakini alipopata kazi ya ofisini kule chini alisahau magoti yake yalitengenezwa wapi. Mama alipoanza kuumwa nyonga na kutembelea fimbo, kaka alipanda kuja kutuona, akakaa sebuleni na viatu vyake vya kung'aa, akatoa hukumu. Kama mama hawezi kushuka mwenyewe mpaka barabara ya lami, aende kliniki na sokoni, kisha apande kurudi, basi anahamia kwake. Chumba alishakiandaa, na feni alishanunua.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea chai, akasema hana mpango wa kwenda kulala chini ya feni kama dagaa walioanikwa. Kaka akasema hilo si jibu. Na kweli halikuwa jibu. Nyumba yetu iko juu, lami iko chini, na katikati kuna njia ya udongo mwekundu yenye kona ambazo hata vijana wa bodaboda wanazipita wakiwa wamenyamaza. Mama mwenyewe hapandi bodaboda. Anasema kwa umri wake hawezi kuanza kumkumbatia mtoto wa watu mgongoni.

Mimi ndiye niliyebaki nyumbani na mama. Nina duka la pembejeo Lushoto mjini, nauza mbegu za kabichi na dawa za viwavi, na kwa sababu hiyo watu wanadhani ninaelewa kila kitu chenye maandishi madogo. Niseme wazi kabla sijaendelea kujisifu: sikuwa napigania uhuru wa mama peke yake. Niliogopa kufungua mlango wa nyumba ile jioni na kukuta jiko limepoa na hakuna wa kuniuliza mbona nimechelewa.

Ndipo nikapata wazo la guta. Fundi mmoja wa pikipiki pale mjini alikuwa na guta bovu, yale ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, na nilikuwa nimeona watu wanayafunga mota na betri yakaenda bila tone la petroli. Fundi akakubali. Akaweka kiti kizuri chenye mkanda na benchi dogo nyuma yake la mizigo, akafunga mota kwenye ekseli ya nyuma na betri chini ya kiti. Hayo yote yalikwenda vizuri. Kilichotutoa jasho ni kontrola.

Kontrola ni kasanduku ka bati kanakokaa kati ya betri na mota. Haka ndiko kanakoamua mota ipewe umeme kiasi gani na kwa haraka gani. Ukizungusha ule mkono wa kulia, ambao huku tunauita mafuta hata kama chombo hakijawahi kunusa mafuta, hauongei na mota. Unaongea na kontrola, na kontrola ikiwa mjinga, safari nzima ni ya kijinga. Mimi sikulijua hilo. Nilidhani kontrola ni kontrola, kama chumvi ni chumvi.

Ya kwanza ilikuja pamoja na mota, kama zawadi. Ilikuwa inajua mambo mawili tu, kulala na kuruka. Mama alikaa kwenye kiti, akafunga mkanda, akasema bismillahi, akazungusha mafuta kidogo tu, na guta likaondoka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Kanga ya kichwani ilibaki hewani peke yake. Mama alipofanikiwa kusimama aliitukana ile mashine kwa Kishambaa, taratibu na kwa mpangilio, maneno ambayo sikujua kama anayajua. Kisha akaniambia nimrudishie mwenyewe zawadi yake.

Ya pili aliichagua fundi. Fundi wetu ana imani moja tu maishani, kwamba kikubwa ni bora. Akaleta kontrola kubwa kama tofali, akasema hiyo inameza ampea mpaka mlima wenyewe utaomba radhi. Kaka naye alikuwa anatuma ujumbe wa sauti kutoka Tanga, mrefu kama hotuba ya mgeni rasmi, akisema alishasema mapema tununue kubwa, ingawa hakuwahi kusema. Tukaifunga. Kutoka lami ilipanda kona ya kwanza kwa kishindo, ikapanda ya pili, na katikati ya ile ya tatu, penye mwinuko mkali kuliko zote, ikanyamaza kabisa. Si mota wala taa wala honi.

Kumbe betri nayo ina kiwango chake. Kontrola ilikuwa inadai umeme mwingi kuliko betri inavyoweza kutoa kwa mara moja, na betri, kwa kujiokoa, ikajifunga. Fundi akasema basi tununue betri kubwa zaidi. Nikamwambia aondoke mbele yangu kabla sijamwambia maneno ya mama. Mama wakati huo alikuwa amekaa katikati ya njia kwenye kiti chake, anaitikia shikamoo za wapita njia, na mtu asiyejua angedhani tumemweka pale makusudi kukusanya heshima.

Ya tatu niliichagua mwenyewe. Nilikaa dukani kati ya mteja na mteja nikisoma kwenye simu mpaka macho yakauma. Nikajifunza kuwa volti za kontrola lazima zilingane na za betri, na ampea zake zisizidi zile ambazo betri inaweza kutoa. Nikatafuta inayoondoka polepole hata ukizungusha mafuta kwa hasira. Nikatafuta yenye rivasi, maana uwanjani kwetu hakuna pa kugeuzia. Na juu ya yote nikatafuta yenye breki ya umeme.

Hiyo breki ndiyo iliyokuwa roho ya mambo. Ujana wa mama uliishia kwenye mashamba ya chai ya Bulwa, akichuma, kisha akaolewa huku na kushika jembe, na sasa vidole vyake havifungiki. Mkono wa breki ya waya anaugusa tu, hawezi kuubana. Kwenye breki ya umeme hakuna kubana. Ukiachia mafuta, kontrola inaigeuza mota kuwa jenereta, mota inayashika magurudumu, na umeme unaotengenezwa hapo unarudi kwenye betri. Nilipomweleza mama kwamba akishuka mlima betri itakuwa inakula badala ya kuliwa, alicheka mpaka akashika nyonga.

Fundi aliifunga kontrola hiyo karakanani kwake mjini, akalipandisha guta mwenyewe mpaka kwetu. Mama akalijaribu pale pale, kuanzia kona ya kwanza chini ya nyumba hadi ya pili na kurudi. Akiachia mafuta linashikwa, tena kwa upole, kama mtu amekushika kiuno. Mama akashuka, akakipigapiga kile kiti, akaniambia nimpigie kaka aje aone. Nilimpigia kwa raha zangu zote.

Majirani waliposikia, Jumamosi iliyofuata ukaitishwa msaragambo wa ile njia. Watu walikuja na majembe na makarai, wakafukia makorongo, wakakata majani, kwa sababu njia ni ya wote na kila mmoja ana mzee ndani. Mama alipika makande sufuria kubwa. Wote walikuja, isipokuwa shangazi, dada mkubwa wa marehemu baba, anayekaa peke yake juu yetu, pale njia inapoishia. Yeye na mama walikuwa hawasemezani kwa sababu ya mti wa plamsi uliosimama kwenye mpaka wa mashamba yao. Kila mmoja alichuma matawi ya upande wake na kujifanya upande wa pili hauna matunda. Na kwa kuwa shangazi ndiye mkubwa, wakikutana mama ndiye angepaswa kuanza kutoa shikamoo, hivyo mama aliona heri wasikutane.

Sasa kuna jambo moja kuhusu mama ambalo lazima mlijue. Mama hatoki nyumbani na chombo pungufu. Chupa ya chai inajazwa mpaka kizibo kinaogelea. Kikapu cha mgeni kikirudi kwa mwenyewe, kinarudi kimejaa, hata kama ni majani ya maboga. Kumpa mtu bakuli nusu, kwake, ni sawa na kumfukuza. Huku kwetu wengi tulilelewa hivyo, na mimi mwenyewe sijui kumwaga chai nusu kikombe. Kwa hiyo siku kaka alipopanda kutoka Tanga, mama alikuwa ameshaniamrisha betri ijazwe, akaja mwenyewe kuangalia taa ya chaja, na hakutulia mpaka ilipogeuka kijani.

Majirani walijipanga pembeni ya njia. Kaka alisimama kwenye kona ile ya karibu na nyumba akiwa amekunja mikono. Mama akaondoka vizuri, mgongo umenyooka, na njia ilipoanza kuinama akaachia mafuta. Hakuna kilichomshika. Guta likazidi kushuka. Nikamwona anazungusha ule mkono mbele na nyuma, nikamwona anaigusa breki ya waya kwa vile vidole vyake, na guta likampita kaka likiwa na mwendo wa mtu aliyechelewa gari.

Nilikimbia huku nimeshika kanga yangu kwa mikono yote miwili, na moyo ulikuwa umeshatangulia korongoni. Mama hakuwa mjinga. Alikata kona kuelekea upande wa mlima, akaliingiza guta moja kwa moja kwenye tuta la majani ya guatemala, yale tunayopanda kuzuia udongo usiporomoke. Majani yakammeza. Tulipofika tukamkuta amekaa wima, mkanda umefungwa, ana jani moja sikioni. Akasema yeye hajaumia, ila kuna mtu ataumia leo.

Kaka hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Alimpangusa mama majani mgongoni, akambeba mpaka ndani, akarudi akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nimetaka kumuua mama kwa ubishi wangu. Kesho asubuhi anaondoka naye. Akaingia chumbani kwa mama akaanza kukunja nguo zake kwenye begi, na mama, kwa mara ya kwanza, akamwachia. Alikuwa anaangalia mikono yake. Hapo ndipo nilipojua kuwa tunashindwa, na nikaona uchungu mpaka nikatoka nje nisije nikalia mbele ya kaka.

Fundi kwenye simu akasema kontrola imekufa, alinionya, ningechukua kubwa. Nikamkatia. Hasira ikanipandisha kwenye guta, ambalo vijana walishalirudisha uwanjani, na kwa kuwa kushuka niliogopa, nikaamua kupanda. Kupanda kunaelekea sehemu moja tu, kwa shangazi. Lilipanda bila shida mpaka getini kwake. Nikageuza. Nikaanza kurudi kidogo kidogo, mguu mmoja nje tayari kuruka, nikaachia mafuta.

Likanishika. Kwa upole ule ule.

Nikasimama pale njiani nikiwa na hasira mpya. Nikapanda tena, nikashuka tena, likashika tena. Kontrola ni ile ile, mlima ni ule ule. Kilichobadilika ni kitu kimoja: nilikuwa nimepanda, na kupanda kumekula umeme. Nikakaa kwenye kile kiti nikajiona punguani. Breki ile inafanya kazi kwa kurudisha umeme kwenye betri. Betri ikiwa imejaa hadi shingoni, umeme hauna pa kuingia. Kontrola, kuliko kuipasua betri, inaacha breki. Siku ya majaribio betri ilikuwa imechoka kwa kupandishwa kutoka mjini, ndiyo maana tulishikwa kiuno. Leo tumeijaza juu kabisa ya mlima, halafu tukaielekeza chini. Mtu wa Tanga anajaza betri anaenda tambarare, hata akijaza mara mia hatajua. Ni sisi wa huku juu, wenye kujaza kila kitu mpaka ukingoni, ndio tunaweza kulipata kosa kama hili. Nilipompigia fundi kumweleza, akasema hilo alikuwa analijua siku zote.

Nikaingia ndani mbio. Nikamwambia mama dawa ni rahisi, kuanzia sasa tunachaji nusu. Mama aliinua macho kutoka kwenye mikono yake.

"Nusu," akasema.

"Nusu, mama. Basi."

"Unitoe mbele za watu na betri nusu, kama mtu aliyefukuzwa kwake kabla ya kula?"

"Ni umeme, mama. Hakuna anayeuona."

"Mimi nitakuwa nimeukalia."

Nilikuwa nimechoka na maneno yakanitoka. Nikamwambia kama hataki nusu, basi aijaze atakavyo, lakini apande kwanza mpaka kwa wifi yake akamwamkie, betri ikipungua ndipo ashuke. Nilisema hivyo kumchoma. Mama akavuta blanketi, akageukia ukutani. Begi lake lilikuwa pale mlangoni limefungwa zipu.

Asubuhi kaka alikunywa chai amesimama. Akasema anatangulia kulileta gari karibu, kisha atatuma vijana wambebe mama mpaka lami. Akachukua begi akashuka nalo. Alipopotea kwenye kona, mama akatoka chumbani. Alikuwa amevaa doti ya kanga mpya, ile anayoiweka kwa ajili ya Idi, na amejipaka mafuta mpaka kwenye vifundo vya vidole.

"Taa ni ya kijani?" akaniuliza.

Nikamwambia ni ya kijani.

"Basi twende tukamwamkie huyo mzee."

Nilitembea pembeni ya guta mpaka juu. Shangazi alikuwa amekaa kibarazani kwake anachambua maharage, peke yake, mlango uko wazi nyuma yake. Alituona tangu mbali na hakuinuka. Mama akalisimamisha guta getini, akajiweka sawa kitini, akameza mate. Nilijua anachokimeza si mate tu.

"Shikamoo wifi," akasema.

Shangazi alichambua punje mbili tatu zaidi.

"Marahaba." Kisha akanyoosha kidole. "Hicho ndicho kilichokutupa kwenye guatemala?"

"Ndicho."

"Nilikuona toka hapa. Nikasema leo plamsi zote zangu."

Mama akacheka. Alijaribu kujizuia lakini kicheko kilimtoka, na shangazi naye akaanza, wakacheka wale wazee wawili mpaka ungo wa maharage ukayumba. Kisha shangazi akaliangalia guta kwa makini, lile benchi la nyuma, magurudumu, mota.

"Kinabeba watu wawili?" akauliza.

Nikaanza kupiga hesabu ya ampea kichwani, nikaona kontrola inaweza, betri ina nafasi, lakini mama alishajibu kabla yangu kwamba kinabeba. Shangazi akaingia ndani, akatoka na kanga na fimbo yake, akafunga mlango kwa kufuli. Nikamsaidia kupanda. Nikamwambia mama aachie mafuta kwenye kila mwinamo asiogope, na nikaenda mbele yao kinyumenyume, mikono imenyooshwa, kana kwamba ningeweza kuzuia kitu.

Walishuka kwa mwendo wa watu wanaotoka msikitini. Kila njia ilipoinama, mama aliachia, mota ikanguruma kwa chini chini, na guta likashikwa. Walilipita lile tuta la guatemala lenye shimo la jana, na shangazi akageuza shingo kuliangalia. Baadaye wakaanza kubishana kuhusu mpaka wa plamsi, na nikajua wameacha kuogopa.

Kaka alikuwa amesimama barabarani, buti la gari liko wazi na begi la mama limo ndani. Alikuwa anaongea na vijana wawili wa kumbeba mama. Alipoliona guta, akakata maneno katikati. Mama akaachia mafuta kwa mara ya mwisho, guta likasimama mbele ya vile viatu vya kung'aa. Kaka akawaamkia wote wawili, mkubwa kwanza, kama alivyofundishwa.

Shangazi alishuka kwa shida, akakanyaga lami kwa mguu mmoja, kisha wa pili, akaipiga kwa fimbo kana kwamba anabisha hodi. Akaangalia kushoto, upande ambako magari hutokea hospitali.

"Marahaba," akasema. "Mara ya mwisho kusimama hapa tulikuja kupokea mwili wa baba yenu. Toka siku ile sijafika."

Kaka ndiye aliyekuja na mwili ule ndani ya gari. Wazee wawili walikuwa juu kule miaka yote hiyo, na chumba alichokuwa ameandaa Tanga kilikuwa na kitanda kimoja. Sikumwonea raha hata kidogo, maana hata mimi nilikuwa napita kila siku chini ya nyumba ya shangazi nikienda kuuza mbegu. Kaka akaenda kwenye gari, akalitoa begi la mama, akalifunga kwa kamba nyuma ya guta, akaniuliza kama kontrola itapandisha na mzigo. Nikamwambia itapandisha.

Wale wazee hawakumsubiri amalize fundo. Walishaanza kuelekea sokoni, mmoja na fimbo kulia, mwingine na fimbo kushoto, wanauliza bei ya kila kitu bila kununua. Kaka alitangulia kuondoka, na feni nasikia alimpa jirani.

Siku hizi akipiga simu haulizi nyonga. Anauliza kama betri imejaa, na mama anamjibu imejaa, ila asimcheleweshe, hajapita bado kwa wifi yake.